Kumtafutia Yukimachi Mume

Kwa wewe uliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, habari zangu ni fupi. Naitwa Seigo. Nilikuwa muuza viatu Sapporo, nikampenda Mizue, na kwa kuwa kwao hakuna mtoto wa kiume, mimi ndiye niliyeolewa. Nikachukua jina la ukoo wao, na pamoja na jina nikapewa farasi kumi na mmoja wa mbio nisaidie kuwatunza, hali sikuwahi kumshika hata mbuzi.

Juma lililopita niliwaeleza jinsi mtoto wa farasi wetu alivyomng'ata mnunuzi sikio mnadani, na mimi ndiye niliyeshika kamba. Nikaishia pale baba mkwe, Mzee Kyuhei, alipoteleza kwenye barafu mlangoni. Barafu ile niliambiwa niimwagie majivu, nikasahau. Mzee akavunjika nyonga.

Basi nyonga ile ndiyo iliyonipa cheo.

Ilikuwa Februari. Mzee akaniita kando ya kitanda chake.

"Seigo."

"Naam, Baba."

"Maonyesho ya madume ni keshokutwa. Mimi siwezi kwenda. Utakwenda wewe."

"Nikapige picha?"

"Picha za nini? Ukamchagulie Yukimachi dume."

Nilikaa chini bila kuambiwa nikae. Kwa miaka kumi na mmoja niliyoishi nyumba ile, kazi yangu ilikuwa kuzoa samadi na kunyamaza.

Yukimachi ndiye jike letu la maana. Mtoto wake mmoja alishinda mbio kubwa Tokyo, na picha yake iko kwenye madhabahu ya nyumbani, pembeni ya picha ya marehemu babu. Mzee alimpa Mizue farasi huyo siku ya harusi yetu. Mimi nilipewa mabuti.

"Ana miaka ishirini," Mzee akasema. "Akibeba mwaka huu, hatabeba tena. Mtoto akitoka sawasawa, nyumba hii itaendelea kufuga farasi. Akitoka kombo, au asipotoka kabisa, malisho nawakodisha watu wa pilipili hoho."

Mizue alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Malisho yale ndiyo aliyojifunzia kutembea, na nilijua tayari anayaona yamefunikwa mahema ya plastiki. Moyo uliniuma kumtazama.

"Sasa niambie," Mzee akaendelea. "Yukimachi ana kasoro gani?"

"Miguu ya mbele inatazama nje."

"Nyingine?"

"Vifundo virefu, vinalala."

"Nyingine?"

"Hasira."

"Hasira si kasoro. Hasira ndiyo iliyoshinda Tokyo. Kwa hiyo unatafuta dume wa namna gani?"

"Mwenye miguu iliyonyooka na vifundo vifupi."

"Ukifika huko usimtazame usoni. Uso ni wa wapiga picha. Mtazame akiondoka. Halafu fumba macho umsikilize."

"Nimsikilize anasema nini?"

"Kwato, mpumbavu wewe. Sikiliza kwato."

Nikaenda. Watu walikuwa zaidi ya mia mbili nyuma ya kamba, theluji hadi magotini, na wenye kituo cha madume wanagawa supu ya nguruwe. Tamotsu, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, alikuwa na bakuli la pili.

"Karibu, muuza viatu," akasema. "Leo umetumwa saizi ngapi?"

"Nimetumwa na mzee. Namchagulia Yukimachi."

Akaacha kutafuna. "Mzee kakuachia wewe Yukimachi? Basi nyonga ile imevunjika mpaka kichwani."

Akatolewa dume wa kwanza, Tetsuzan. Simu zote zikainuka juu. Alikuwa ameshinda mbio tano kubwa, kifua kama kabati, manyoya yanang'aa hata kwenye baridi ile.

"Mtazame mwanamume," Tamotsu akanong'ona. "Mimi nimeshaandikisha majike watatu. Wewe ukichelewa utapata nafasi ya kumsalimia tu."

Mimi nilitazama chini. Miaka tisa dukani imenifundisha hivyo. Mteja akiingia, natazama kisigino kabla ya mkoba. Mguu wa nyuma wa Tetsuzan ulikuwa umesimama wima kama wa meza. Na wa mbele, wa kulia, ulitazama nje kidogo. Nikimchanganya na Yukimachi, mtoto atatembea kama bata.

Nikamwacha Tamotsu na supu yake, nikazunguka nyuma ya zizi. Pale madume walipita kwenye sakafu ya saruji wakirudi vyumbani, na hapakuwa na mtu. Nikafumba macho.

Tetsuzan akapita. Ko, ko, ko, kwaa. Mguu wa nne unaburuza.

Wa pili, wa tatu, wa nne wakapita. Mmoja alikanyaga kwa nguvu upande mmoja, mwingine alikuwa na haraka kama mwenye deni. Nilikuwa nimeanza kuhisi vidole vya miguu vinakufa baridi, akapita wa tisa.

Ko, ko, ko, ko. Sawasawa kabisa. Nikajikuta natikisa kichwa kwa mdundo ule.

Nilipofumbua macho nikamwona farasi mdogo wa kahawia, hana hata alama moja nyeupe, masikio makubwa, na mtunzaji wake anapiga miayo. Hayatsuki. Hakuwahi kushinda mbio yoyote kubwa. Mara tatu alikuwa wa pili.

Lakini vifundo vilikuwa vifupi na imara, magoti bapa, na kila unyayo wa nyuma ulipita mbele ya ule wa mbele kwa kiganja kizima. Kitabu cha maonyesho kilisema kwamba kati ya watoto wake arobaini walioanza mbio, thelathini na wawili walikuwa bado wanakimbia wakiwa na miaka mitano. Yaani hawavunjiki.

Bakuli la supu nililolisahau mkononi likaniponyoka, likagonga saruji. Hayatsuki akaligeukia, akalitazama, akaendelea na safari yake. Pale pale nikaamua. Nyumba yetu ilikuwa na hasira ya kutosha, tulihitaji mtu mmoja mpole.

Tamotsu alicheka mpaka akakohoa. "Hayatsuki? Duka zima limejaa viatu vya ngozi, wewe unatoka na kandambili?"

"Kandambili zinazomtosha," nikamjibu.

Nyumbani Mzee alinihoji saa nzima. Magoti je? Mgongo je? Mkia anaubebaje? Alipomaliza akageukia ukutani.

"Mwandikishe," akasema.

Sikupewa hongera, lakini usiku ule niliongezwa samaki bila kuomba. Nikalala mtu mwenye furaha. Laiti ningeishia hapo.

Sasa niwatambulishe kwa Dango. Dango ni farasi wetu mfupi, mnene, mwenye nywele mpaka machoni, nusu ni farasi wa mizigo wa huku kwetu. Kazi yake ni uchokozi. Kila masika analetwa nyuma ya ubao mrefu, jike anasimamishwa upande wa pili, wanasalimiana. Jike akimpiga mateke, bado hayuko tayari. Akitulia na kuinua mkia, yuko tayari, na hapo Dango anavutwa kamba arudi chumbani, jike anapelekwa kwa dume mwenye jina.

Amefanya hivyo masika kumi na tano. Anachumbia, wengine wanaoa.

Aprili, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, nilikuwa peke yangu zizini. Mizue alikuwa amempeleka baba yake hospitali kwa mazoezi ya kutembea. Nikamleta Yukimachi ubaoni. Yeye huyu aliyewahi kumvunja dume bingwa jino, alitulia tuli kwa Dango kama bibi harusi.

Nikafurahi. Simu ikalia mfukoni. Ni kituo.

"Bwana Seigo, tuna nafasi ya Hayatsuki keshokutwa, Alhamisi saa nne. Utaichukua?"

"Naichukua. Hebu niiandike."

Kalenda ilikuwa jikoni. Nikamfunga Dango kwenye nguzo, nikafunga na lango dogo, nikakimbia. Msomaji, fundo nililofunga ndilo nililofungia viatu miaka tisa. Ni fundo zuri sana. Ukivuta ncha moja linafunguka lote.

Sikuchukua dakika nne. Niliporudi, lango lilikuwa wazi, na Yukimachi alikuwa amesimama kwenye mfereji wa maji, miguu ya nyuma chini, kiasi kwamba kimo kilikuwa kimesawazishwa. Dango alikuwa anateremka taratibu, macho yamelegea. Masika ya kumi na sita yalikuwa yamemwendea vizuri.

Madume tisa niliwapima mpaka unyayo. Yule wa kumi hakupimwa na mtu, na yeye ndiye aliyetangulia.

Hapa ndipo penye kosa langu, nami nalikiri bila kupambapamba. Ningesema siku ile, Daktari Sonobe wa mifugo angengoja siku chache, angemdunga Yukimachi sindano moja ya kufuta mimba, na baada ya wiki tungeanza upya. Tungepoteza muda tu. Lakini nilimfikiria Mzee, barafu, sikio la mnunuzi, nikafikiria na uso wa Mizue mlangoni na lile sinia. Nikajiambia kwamba Dango ni mzee, Yukimachi ni mzee, haiwezekani. Nikamrudisha Dango chumbani, nikafagia nyayo zao.

Mizue aliporudi akauliza, "Vipi, Yukimachi?"

"Yuko tayari. Nafasi ni Alhamisi."

"Mbona umelowa jasho?"

"Nimefagia."

"Wewe? Umefagia bila kuambiwa?" Akacheka, akanipangusa paji la uso kwa kitambaa chake. Afadhali angenipiga.

Alhamisi tulikwenda kituoni sote watatu. Mzee alikuja na mkongojo, akakataa kiti, akataka kumwona Hayatsuki akitembea. Akasimama kwenye saruji, akafumba macho. Farasi akapita mara mbili.

"Huyu ulimsikia mwenyewe?" akaniuliza. "Hakukwambia mtu?"

"Mwenyewe, Baba."

Akafumbua macho. "Umefanya vizuri, mwanangu."

Kwa miaka kumi na mmoja aliniita Seigo, wewe, na yule. Neno lile nilikuwa nimelingoja sana. Nilijifanya nakaza mshipi wa gari.

Hayatsuki alifanya kazi yake kwa heshima zote, Yukimachi hakurusha teke hata moja, na tukarudi nyumbani tukiimba. Mimi niliimba kuliko wote.

Siku ya kumi na tano akaja Daktari Sonobe na mashine yake ya altrasaundi. Ni mama mfupi, haongei ovyo. Akavaa glavu mpaka begani, akaingiza mkono kwa Yukimachi. Mizue alimshika farasi kichwa. Mzee aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mimi nilisimama karibu na kioo cha mashine, naomba kionyeshe kitu, na wakati huohuo naomba kisionyeshe.

"Ameshika," daktari akasema.

Mizue akaweka uso kwenye shingo ya farasi. Mzee akagonga mkongojo chini mara moja.

"Ngojeni. Wako wawili."

Furaha ikakatika hapo hapo. Kwa watu wengine pacha ni baraka. Kwa farasi wa mbio pacha ni msiba, tumbo halina nafasi, na mara nyingi wanakufa wote, pengine na mama yao.

"Tumewahi," daktari akasema. "Bado wanaelea, hawajajishikiza. Namminya mmoja sasa hivi kwa vidole, mwingine anabaki. Huyu wa kushoto ni mkubwa, amemzidi mwenzake siku mbili hivi. Wa kulia ni mdogo. Kawaida tunamwondoa mdogo."

Siku mbili. Sikuhitaji vidole kuhesabu. Jumanne, Alhamisi.

"Haya, namwondoa mdogo," daktari akasema.

"Ngoja." Sauti ilikuwa yangu. "Mwondoe mkubwa."

Wote wakageuka. Hata Yukimachi alizungusha sikio.

"Kwa nini?" daktari akauliza. "Mkubwa ndiye mwenye nguvu."

"Mwondoe tu, daktari, tafadhali."

"Seigo," Mzee akasema, "daktari ana mkono ndani ya farasi. Mjibu."

Nikatazama kioo, kile kifuko cheusi cha kushoto, cha mviringo, kinene. Nadhani hata kama nisingejua ningekitambua.

"Mkubwa ni wa Dango," nikasema.

Nikawaeleza yote, kalenda, fundo, mfereji, ufagio. Hadithi ile ilikuwa fupi kuliko nilivyodhani. Mizue hakuniangalia, alikuwa anamtengeneza Yukimachi nywele za shingo, unywele mmoja mmoja.

Daktari akapumua. "Basi ni rahisi. Mkubwa karibu hakika ni wa Dango. Mdogo ni wa Hayatsuki. Naminya kushoto."

"Ngoja," Mzee akasema.

Nilidhani anataka kunipiga kwanza. Lakini alikuwa anautazama mkongojo wake, na masikio yamemwiva.

"Ile Alhamisi," akasema, "tuliporudi. Nyinyi mlikuwa mnapika. Mimi nilikwenda zizini."

"Kufanya nini, Baba?" Mizue akauliza.

"Dango alikuwa ananitazama. Masika kumi na tano, Mizue. Kumi na tano anaamsha, anavutwa kamba. Nikasema, Yukimachi ameshapandishwa, mlango umefungwa, kuna ubaya gani." Akaukwaruza mkongojo chini. "Nikamfungulia. Mara moja tu."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilitaka kucheka, Mungu anisamehe, nikauma mdomo.

"Kwa hiyo na mdogo..." Mizue akasema.

"Mdogo anaweza kuwa wa yeyote," daktari akasema. "Mimi naona ukubwa tu, baba haonekani kwenye kioo. Akizaliwa atapimwa vinasaba kwa nywele, na hapo hakuna wa kudanganya. Naweza kuwaondoa wote wawili mkaanza upya."

"Atashika tena?"

"Ana miaka ishirini. Hilo siwezi kukuahidi. Amueni, mkono unakufa ganzi."

Mzee akamtazama binti yake. "Farasi ni wako. Sema wewe."

Mizue akaacha kutengeneza nywele za Yukimachi. Akaniangalia mimi, kwa mara ya kwanza tangu nianze kukiri. Macho yalikuwa makavu.

"Seigo. Kama leo angeonekana mmoja tu, ungeniambia?"

Nilikuwa na majibu mawili. Moja lilikuwa zuri, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini nilikuwa nimeshamdanganya kwa kunyamaza siku kumi na saba, na nilichoka.

"Hapana," nikasema. "Nisingekwambia."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa chenji kamili.

"Daktari, minya kushoto. Wa kulia abaki."

Bega la daktari likasogea kidogo. Kwenye kioo kile kifuko kinene kikalegea, kikapotea. Kikabaki kimoja, kidogo, kinaelea.

"Amebaki mmoja," daktari akasema, akatoa mkono. "Miezi kumi na moja."

Mizue akamfungua Yukimachi kamba, akampapasa puani, akampitisha mbele yangu kumrudisha chumbani. Alipofika usawa wangu akasimama.

"Kesho kuna basi la saa tatu," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Utakwenda kwenu Sapporo, utauza viatu. Huyu akizaliwa nitakupigia simu. Akitoka na miguu mirefu, urudi tuzungumze."

"Na akitoka na mifupi?"

"Sitapiga."